Moshi wa Dhahabu wa Nyumba ya Lau

Kantoni, mwezi wa nane, siku ya tatu, mwaka wa kumi na tano wa mfalme Kwong-sui

Mwanangu Yuk-sim,

Mimi baba yako Lau Pak-heng nina miaka sabini na mmoja. Wafalme wanne wamekufa nikiwa hai, na wa tano namtazama tu. Mizinga ya Waingereza iliupiga mji huu nikiwa nimeinamia birika, na birika lilikwisha siku ile ile. Nimewazika wake wawili, wa pili mama yako, na kaka zako wakubwa wawili. Mafundi wote tulioanza nao kazi wamekuwa udongo, na kusema kweli wengine walikuwa udongo tangu wakiwa hai. Halafu wewe unamtuma Ng wa meli aje kuniambia nijitunze. Mtu aliyefika hapa hafundishwi kujitunza.

Hapa hatujambo. Joto halijatoka. Mkamwana wangu A-Kiu alijikwaa kisimani lakini mguu umepona, anapika kama kawaida, chumvi nyingi kama kawaida. Kaka yako Chun-kei mzima. Anakusalimu. Watoto wako wape salamu zangu, na yule mdogo mwambie akija hapa asishike tena tindo zangu, nazijua zote kwa sura.

Barua hii naandika mwenyewe. Mwandishi wa barua pale kona anataka kuniwekea maua kila mstari, na mimi maua nawachongea wazungu tu.

Sasa neno lenyewe. Duka la mumeo limetuletea kazi. Ni bakuli la fedha, kubwa, mtoto anaweza kuoga ndani yake, la kumpa mzungu atakayeshinda mbio za farasi hapo kwenu baada ya mwaka mpya. Nje wanataka majemadari wanaopigana juu ya farasi, bakuli zima kulizunguka. Vishikio ni majoka mawili. Ndani dhahabu, na wamesema dhahabu ya moto, siyo ile ya waya za umeme. Nimefurahi. Nilidhani Hong Kong wamekwisha sahau dhahabu ni nini.

Tumeyeyusha sarafu za fedha za Meksiko wiki iliyopita. Bakuli nimelikunja mimi, majemadari nimewasukuma mimi kutoka ndani, nimelijaza lami mimi lisibonyee, na sasa nawafua kutoka nje, mmoja mmoja, kila mmoja na uso wake. Nenda mtaa mzima wa wafua fedha uniletee mtu anayefua farasi ukaona pumzi puani mwake. Hayupo. Chini ya kitako duka la mumeo litapiga muhuri wake wa herufi za kizungu, nami nitapiga herufi yangu moja, Heng, ndogo kama chawa. Mzungu atasoma ile ya duka na kudhani duka lina mikono.

Dhahabu ataipaka Chun-kei. Hakuna mwingine.

Baba yako.


Hong Kong, 24 Septemba 1889

Baba yangu,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Barua yako nimeisoma, na watoto nimewasomea pale pa tindo. Mdogo alijificha nyuma ya mlango kana kwamba umo ndani. Sote wazima. Mume wangu Sai-wing yuko dukani tangu asubuhi hadi jioni, meli za msimu zimeanza kuleta wateja. Nimekutumia uduvi mkavu na ngozi za machungwa kwa mkono wa Mzee Ng. Keki za sikukuu ya mwezi zilifika? Hukusema.

Baba, Mzee Ng aliponiletea barua yako nilimpa chai, akakaa, na nikamuuliza habari za nyumbani. Alikuwa kwenu usiku wa sikukuu. Anasema Chun-kei hakuweza kushika kikombe. Kilikuwa kikigonga meno yake, A-Kiu akamshikia. Anasema pia kaka amepoteza meno ya mbele, na ufizi umekuwa wa buluu. Wewe umeniandikia kwamba mzima.

Naomba jambo moja. Majemadari wafue, hakuna mwingine anayeweza, nakubali. Lakini bakuli lije bila dhahabu. Hapa Wanchai kuna karakana yenye beseni na waya, wanachovya vikombe kila siku na hakuna anayeugua. Na kaka aje nalo. Dukani wanahitaji mtu wa kung'arisha fedha, kazi ya kitambaa na unga wa chokaa, mbele ya dirisha lililo wazi. Chumba kipo, yeye na A-Kiu watakaa kwetu.

Usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua. Mwisho ndio huu.

Binti yako,
Yuk-sim


Kantoni, mwezi wa tisa, siku ya kumi na mbili

Mwanangu Yuk-sim,

Keki zilifika. Uduvi umefika, mzuri. Siku ya tisa tulipanda makaburini, nikang'oa majani kwa mama yako na kwa kaka zako kwa mikono yangu hii, vijana wa jirani walikuwa wakihema nyuma yangu. Bibi Fung, mjane wa upande wa pili wa ukuta anayeuza tofu, anakusalimu ingawa hasemi na mimi. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza Ng. Mtu huyo kazi yake ni kubeba vifurushi melini na ameanza kubeba midomo. Chun-kei alikuwa amekunywa. Sikukuu watu hunywa. Meno, mimi mwenyewe nimebaki na machache na hakuna mtu aliyenililia.

Wewe umezaliwa ndani ya karakana na sasa unaandika kama mtu wa dukani. Nikukumbushe. Dhahabu inasagwa na zebaki mpaka zinakuwa kitu kimoja laini kama mafuta ya nguruwe yaliyoganda. Unapaka kwa brashi. Moto wa mkaa unaifukuza zebaki, dhahabu inabaki imeshikana na fedha kama ngozi na nyama. Wajukuu wa huyo mzungu watakula katika bakuli lile na dhahabu itakuwa pale pale. Ile ya waya na maji ni nguo ya kuazima, ukisugua mara mbili imerudi kwa mwenyewe.

Unasema dirisha wazi. Chumba cha dhahabu hufungwa mlango na nyufa huzibwa kwa matambara, baba yangu alifunga, babu yangu alifunga. Upepo ukiingia dhahabu inatoka na moshi, kazi inabaki na madoa. Hilo linajulikana mtaa mzima.

Na dawa yake ipo. Chun-kei anaweka ushanga wa dhahabu chini ya ulimi kama walivyoweka wote. Zebaki ikiingia mwilini inaifuata dhahabu, ushanga unageuka mweupe, unautema, unauchoma motoni unarudi njano, unauweka tena mdomoni. Juzi alinionyesha wa kwake akaniambia, "Baba, huu ushanga unaota mvi upesi kuliko wewe." Mtu anayefanya mzaha hivyo si mgonjwa.

Habari ya Bibi Fung ni hii. Tulipojaribu dhahabu kidogo katika kifuniko, tukafungua mlango kutoa moshi, kuku wake walikuwa kwenye ukuta wetu kama walivyozoea kuja kuiba mpunga. Wakafa. Akaja amewashika miguu, vichwa chini, akawaweka mezani juu ya jemadari wangu, akasema, "Mzee Lau, kuku zangu hawakuzoea kula dhahabu. Wamekufa matajiri." Nilimwambia awafuge mbali. Tangu siku hiyo tofu tunanunua soko la mbali, na ni mbaya.

Na la mwisho. Anayetoka katika karakana yangu hutoka kwa mkono wangu. Namwekea nyundo kiganjani mbele ya watu namwambia nenda. Ndivyo ilivyo kwa kila fundi wa mtaa huu, awe mtoto wangu au wa mtu mwingine. Akitoka bila nyundo ni mwizi, hakuna atakayempa hata kazi ya kuchota maji, na ukoo wake hautasahau. Chun-kei hajaniomba nyundo. Wewe unayeomba kwa ajili yake ni nani?

Niambie na hili. Huyo mteja ni nani anayejua dhahabu ya moto? Wazungu hawajui. Ningependa nimjue.

Baba yako.


Hong Kong, 2 Novemba 1889

Baba yangu,

Nakuamkia kwa heshima. Watoto wanakohoa kidogo, hali ya hewa imebadilika. Nimekutumia mto wa pamba kwa ajili ya kiti chako.

Nilikwenda kwa mganga wa mitishamba anayetibu wafanyakazi wa bandarini, mtu mzima, si mzungu. Nikamweleza mikono, meno, ufizi, bila kutaja jina. Aliniuliza swali moja tu: mgonjwa ni mpakaji dhahabu au mtengeneza vioo, hawa wa zebaki? Nikasema wa dhahabu. Akasema moshi ule hauna dawa, unakaa ndani ya mifupa, na mtu akiendelea kuuvuta huanza kusahau, halafu huanza kuona haya bila sababu, hata mbele ya mkewe, halafu hawezi kusimama. Nikamwambia habari za ushanga. Akasema, "Mama, huo ushanga akiuchoma moto moshi wake anauvuta nani?"

Baba, umwambie aache. Kama bado hajapaka, asipake.

Kuhusu mteja, ni mzungu wa klabu ya mbio, simjui.

Binti yako,
Yuk-sim


Kantoni, mwezi wa kumi, siku ya ishirini na tano

Mwanangu Yuk-sim,

Nimechelewa kuandika. Kazi ilikuwa nyingi. Mto wa pamba nimempa A-Kiu. Sisi wazima. Baridi imeanza asubuhi.

Majemadari wamekwisha. Lami nimeyeyusha nimeitoa yote, nimelehemu majoka. Mafundi wa nyumba ya tatu walikuja kuangalia, walijifanya wanaomba koleo. Wakasimama. Mmoja akasema, "Mzee, huyu farasi wa kushoto atatukanyaga." Nikamwambia asogee basi.

Mkono wa kwanza wa dhahabu umepakwa. Rangi imetoka sawasawa, hakuna doa. Bado mkono wa pili, kwa kuwa bakuli hili ni kubwa na dhahabu ya kwanza fedha inainywa.

Sasa nakuuliza tena yule mteja. Ng alikuja. Ulimi wake safari hii umenifaa. Anasema mumeo Sai-wing alikaa katika nyumba ya chai bandarini akijisifu mbele ya watu kwamba yule mzungu alitaka bakuli tupu la fedha, bila kitu ndani, na kwamba yeye, mkwe wangu, ndiye aliyemshawishi. Alimwambia ipo nyumba moja Kantoni ya dhahabu ya moto, mzee mwenyewe yu hai bado, baada yake haitapatikana tena. Mzungu akapenda.

Kwa hiyo moshi huu umeagizwa kutoka nyumbani kwako. Kitanda unacholalia kimelipwa nao. Unamfuata mganga bandarini kumuuliza moshi una ubaya gani, na aliyeuagiza analala ubavuni pako. Wewe ulijua. Nakujua tangu unatambaa, ukisema humjui mtu unakuwa unamjua.

Mumeo simlaumu, ananisifia. Nakulaumu wewe.

Chun-kei alitoka juzi kununua mkaa, duka lipo mwisho wa uchochoro, akapotea. Alirudishwa na mtu wa maji. A-Kiu alilia bure. Mtu anaweza kuwa na mawazo. Na sasa anakula chumbani peke yake, hataki kutazamwa, na hilo ni jema, zamani alikuwa na domo kubwa. Uji anakula vizuri, A-Kiu anamlisha.

Usije huku. Mke wa mtu hapandi meli kwa maneno ya mchukuzi.

Baba yako.


Hong Kong, 5 Desemba 1889

Baba,

Nilijua. Sai-wing aliniambia siku ile ile alipomshawishi mzungu, na nikaona fahari, Baba. Nikamwambia ndiyo, hakuna kama Baba. Usiku ndipo nilipomkumbuka atakayekaa chumbani. Niliona aibu kukuandikia, nikakuandikia habari za beseni na waya badala yake.

Nimesema na mume wangu. Sitakuandikia tulivyosemezana, majirani wa chini wanajua yote. Amekwenda kwa yule mzungu. Mzungu amesema mkono mmoja wa dhahabu unamtosha, hata usipokuwepo unamtosha, anachotaka ni bakuli lifike kabla ya mbio. Basi. Hakuna anayeutaka mkono wa pili isipokuwa wewe.

Nami nitasema ambalo hatujawahi kulisema. Kaka zetu wakubwa walikaa chumba kile. Wa kwanza ulisema homa. Wa pili ulisema homa. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa nikiwapelekea chai, na wote wawili nilikuwa nikiwashikia kikombe. Wewe ulikuwa mtu wa nyundo, Baba. Maisha yako yote ulikaa upande huu wa mlango.

Nakuja na meli baada ya sikukuu ya baridi kumchukua Chun-kei na mkewe. Sikuombi ruhusa ya kupanda meli. Nakuomba kitu kimoja, na unajua ni kipi. Mwekee nyundo mkononi, umwambie nenda. Yeye hatatoka bila hilo, unamjua, hata akiwa anakufa. Neno moja, Baba. Hata usilimaanishe.

Yuk-sim


Hong Kong, 4 Januari 1890

Baba yangu,

Nimefika salama. Watoto wazima. Chumba tulichowaandalia kaka na A-Kiu bado kiko wazi.

Naandika ili yabaki mahali yaliyotokea, kwa sababu pale hukusema kitu, na nahofia utakuja kusema ulisema.

Nilimkuta kaka ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha dhahabu, kichwa kinatikisika kama cha mtu anayekataa jambo. Alinificha uso. Nilipomshika mkono, mkono ukaniponyoka kama samaki. Nikamwambia twende, meli inaondoka kesho. Akaniuliza, "Baba amesemaje?" Tukakutazama wote watatu, mimi na yeye na A-Kiu. Wewe ulikuwa unakwangua lami kwenye meza. Nyundo ilikuwa mbele yako. Ukaendelea kukwangua.

Nikasema, "Baba, anakusubiri."

Ukasema lami ya mwaka huu imechanganywa unga mwingi wa matofali.

Kaka ndiye aliyecheka. Akaniambia, "Dada, nenda kwa watoto. Nikiondoka hivi nitakuwa nimeiba hata hii mikono. Nayo si mali ya kuibwa."

Nililala kwa Bibi Fung kwa sababu sikuweza kulala kwako. Asubuhi nilisikia mnaziba nyufa za mlango kwa matambara.

Bado ipo nafasi. Mzee Ng anakuja kulichukua bakuli mwezi huu. Mtoe kaka pamoja nalo. Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Yuk-sim


Hong Kong, 28 Februari 1890

Baba,

Hukujibu. Mwaka mpya umepita, sikupata salamu. Niliyempata ni Mzee Ng, ambaye alisimama mlangoni na hakutaka chai.

Wewe umemzika kaka kabla ya mwaka mpya na umeniacha niwashe fataki pamoja na watoto. Nimemvalia nguo za msiba nikiwa nimechelewa, kama mtu wa mbali. A-Kiu nimempelekea nauli, aje kwangu kama anataka.

Unataka kujua habari za bakuli, najua. Lilifika bila mkwaruzo. Liliwekwa kwenye dirisha la duka na watu walisimama barabarani. Mzungu aliyeshinda alilijaza pombe wakanywa wote, na mmoja alimwambia Sai-wing kwamba dhahabu ya ndani ni safi kabisa, karakana gani ya Hong Kong yenye beseni zuri hivyo? Sai-wing hakumsahihisha.

Ulikuwa na neno moja la kusema na hukulisema. Sina la kukuandikia tena.

Yuk-sim


Kantoni, mwezi wa pili, siku ya ishirini, mwaka wa kumi na sita wa Kwong-sui

Mwanangu Yuk-sim,

Natumaini wewe mzima, na watoto, na kikohozi kimeisha. Hapa mvua. A-Kiu ameipokea nauli, ameifunga katika kitambaa, hajasema anakuja au haji. Bibi Fung ameleta tofu mwenyewe bila kuitwa. Hakukaa.

Umesema hutaandika. Usiandike, soma. Macho yangu ni mazuri kuliko ya vijana lakini mkono umechoka, kwa hiyo nitasema mara moja.

Kuhusu kaka zako wakubwa, ilikuwa homa.

Kuhusu yule mzungu na beseni, sina neno. Ningekuwepo ningempa kisu akwangue, aone.

Kuhusu Chun-kei, umeandika kwamba sikulisema. Wengi wamenijibu vibaya maishani lakini hakuna aliyewahi kuniita mwongo katika mambo ya karakana. Nililisema. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, juani, A-Kiu amemfunika blanketi. Ile brashi ya dhahabu ilikuwa bado imefungwa kwenye kifundo cha mkono wake kwa uzi, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekataa kushika, na mwenyewe ndiye aliyeniomba nimfungie. Sikumlazimisha. Kazi aliyoifanya kwa mkono ule uliofungwa ni bora kuliko kazi yote niliyoiona ya wapaka dhahabu, pamoja na ya kaka zake, pamoja na ya baba yangu. Ningeona haya kuiita kazi ya mgonjwa. Nimeitazama ndani ya bakuli mpaka nikajiona uso wangu, na sikuona doa hata moja.

Nikatoka na nyundo yangu. Si nyundo yoyote. Ni ile ya baba yangu yenye mpini mweusi, niliyofulia farasi wale. Sikuwahi kumpa fundi yeyote anayeondoka nyundo ile, nilikuwa nawapa za kununua. Nikamkata ule uzi. Nikaufungua mkono wake, nikamwekea nyundo kiganjani, nikasema kwa sauti, "Chun-kei, nenda. Nenda kwa dada yako."

Nyundo ikaanguka chini.

Nikaiokota nikamwekea tena, nikamkunjia vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja, nikasema tena nenda. Ikaanguka tena. Akaitazama pale chini. Kichwa chake kilikuwa kikitikisika ule mtikisiko wake, lakini aliponitazama kilitulia kidogo, na hakunificha uso kama alivyozoea kuwaficha watu. Akaniambia, "Baba, hata ruhusa yako sikuweza kuishika."

Ni mzaha. Alikuwa mtu wa mizaha tangu utoto, unamjua.

Nikamwambia haidhuru, nyundo ataibeba A-Kiu, meli ni kesho asubuhi. Akasema sawa, Baba. Akasema baridi. Tukamwingiza ndani, na kesho yake hakuamka wa kwenda popote, na siku iliyofuata vivyo hivyo, halafu ikawa basi. Nyundo nimeizika naye. Mafundi wa mtaa walikuja wote, hata wale wa nyumba ya tatu, na hakuna aliyesema aliondoka bila ruhusa. Jina lake ni safi. Aliondoka kwa mkono wangu.

Sasa karakanani sina mpakaji dhahabu. Duka la mumeo likitaka dhahabu lipeleke Wanchai. Mumeo mwambie hivyo, na mwambie majemadari nitaendelea kumfulia, farasi vilevile, hakuna anayenifikia.

Kama huniamini, waliokuwepo ni hawa. A-Kiu alikuwa karibu na benchi na bakuli la uji, alisikia mara zote mbili. Bibi Fung alikuwa kwenye ukuta wake, alisikia, akaingia ndani akafunga dirisha. Na Ng alikuwa uani. Yeye alikuja kulichukua lile bakuli, lilikuwa limekwisha, hata mkono wa pili wa dhahabu, nimemfungia kwa majani makavu katika sanduku, yuko juu ya sanduku anapiga misumari. Akaacha kupiga.

Waulize wote watatu kama sikusema nenda. Watakuambia nilisema. Usiwaulize ilikuwa siku gani.

Baba yako,
Lau Pak-heng